Mrejesho: Safari ya Elmina, Ghana

Wakuu, niliwauliza namna ya kufika Elmina kutoka Accra bila kukodi gari. Nimerudi salama, asanteni sana. Aliyeniambia nipande trotro (basi dogo la abiria, kama daladala) kituo cha Kaneshie hadi mji wa Cape Coast, kisha teksi ya kuchangia hadi Elmina, alinisaidia mno. Trotro haiondoki mpaka ijae, kwa hiyo wahini asubuhi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe tayari uwanja wa ndege.

Ngome ya Elmina iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1482 itengeeni muda wa kutosha. Vyumba walimofungiwa watumwa vinaumiza moyo, nilishindwa hata kupiga picha. Jumanne wavuvi hawaingii baharini kwa mila yao. Anayetaka soko la samaki lililochangamka achague siku nyingine. Na pesa toeni kwa mkono wa kulia.