Acheni kuwaambia watu wazime antivairasi ili plagini ya zamani ikubali!

Wakuu, nimechoka. Mtu akiuliza tu kwa nini plagini yake ya zamani ya efekti (kile kiongezi cha programu ya video) haikubali, jibu ni lile lile: "Zima antivairasi, fungua kama admini, itakubali." Nani kawafundisha huu upuuzi?

After Effects, programu ya Adobe ya kutengeneza efekti za video, toleo la CS4 la 2008 lilikuwa la biti 32. CS5 ya 2010 ikaja na biti 64 tupu. Plagini ya CS4 haitaingia kwenye CS5 hata uzime antivairasi, uzime na umeme wa mtaa mzima. Haionekani kwenye menyu ya Effect kwa sababu programu ya biti 64 haipakii plagini ya biti 32, basi. Mwulizeni mtu anatumia toleo gani kabla hamjamvua ulinzi.

Halafu kuna linki inazungushwa humu. Ni zip yenye nenosiri 123, ndani kuna setup.exe na kifaili cha maandishi kinachosema uzime antivairasi kwanza. Jamani! Plagini nyingi za enzi hizo ni faili moja la .aex: unalinakili kwenye folda ya Plug-ins, unawasha programu upya, kwisha. Za kulipia zilikuja na kisakinishi, sawa, ila si cha kufungiwa kwa nenosiri. Hilo nenosiri kazi yake ni kuzuia faili lisikaguliwe wakati wa kupakua.

Na msinitajie ile QuickTime ya Windows, programu ya Apple ya kuchezea video, mnayolazimisha watu waiweke. Apple waliacha kuitunza 2016, ikiwa na mianya inayojulikana, mpaka serikali ya Marekani ikashauri watu waiondoe.

Ila hasira yangu kubwa ni kwa wauzaji. Leseni nimelipia, namba yake ninayo. Naiomba kampuni kisakinishi cha toleo langu, wananijibu nijiunge na huduma ya kulipia kila mwezi, ambayo inataka kadi ya picha ambayo mashine yangu haina wala haitakuwa nayo. Toleo la zamani wameshalifuta. Sasa mteja halali aende wapi kama si kwa hao wa zip? Adobe walipozima seva za kuhakiki leseni za CS2, toleo lao la zamani la programu zao, mwaka 2013 waliweka wazi toleo lisilohitaji uhakiki kwa ajili ya wenye leseni. Kumbe inawezekana!

Mwenye Windows 7 akumbuke viraka vya kawaida vya usalama viliisha Januari 2020. Mashine hiyo itoe mtandaoni, nakili diski nzima kwanza, ndipo ujaribu plagini.

Na wewe unayekuja kuandika "mbona kwangu ilikubali", weka hapa SHA-256 ya faili lako (ile namba ndefu inayolitambulisha faili) tulinganishe.