Nimepoteza kazi ya kuandika juu ya michezo ya video. Niendelee peke yangu?

Mwenye uzi (Lubumbashi)
Jambo wote. Miaka mitano nimeandika juu ya michezo ya video kwenye gazeti moja la mtandaoni. Mwezi uliopita bosi alitupigia simu, watu wanne, akasema pesa ya matangazo imekatika na kazi imekwisha. Simu haikufika dakika tatu.

Kazi ile niliipenda mno. Kila Jumamosi nilikuwa nakaa na daftari kwenye chumba cha play huko Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, si ile nchi: PlayStation 2 tatu, mashine iliyotoka mwaka 2000, na watoto wanaozicheza hata miaka kumi na miwili hawajafikisha. Kuna maneti moja, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, ambayo mpira wa kidole gumba uliisha, mwenye chumba akaizungushia kipande cha mpira wa baiskeli. Watoto wanaigombania hiyo hiyo, wanasema haitelezi. Umeme ukikatika katikati ya mechi, wanabishana nani alikuwa anaongoza mpaka jenereta iwake.

Nataka kufungua ukurasa wangu mwenyewe. Bibi yangu, yaani mke wangu, anauliza nani atalipa mega za intaneti, na sina jibu. Halafu niandike Kifaransa au Kiswahili?

Fundi_Katuba
Pole sana, ndugu yangu. Kabla ya yote, kusanya makala zako za zamani. Gazeti la Game Informer la Marekani, lililoanza 1991, lilipofungwa Agosti 2024, tovuti nzima iliondolewa ikabaki barua ya kuaga tu. Mwaka 2025 lilipata mnunuzi likarudi, lakini wewe usitegemee bahati hiyo. Weka nakala kwenye flashi leo hii. Lugha? Kifaransa, wasomaji ni wengi zaidi.

Mama_wa_Ruashi
Mwanangu, bibi yako ana haki ya kuuliza. Tafuta kwanza kazi ya kuleta unga nyumbani, hata kama si ya kuandika. Jioni mbili kwa wiki ziwe za michezo yako, na umwambie ni zipi, asikae akikisia.

Shabiki_Bukavu
Ndugu Fundi, kwenye lugha sikubali. Mchezo mpya wa mpira ukitoka, waandishi wa Ulaya wanaupata kabla haujafika dukani. Kwa haraka hatawashinda, Kifaransa chake kiwe kizuri namna gani. Aurion, mchezo wa Kiro'o Games ya Yaoundé, ulitoka 2016, mimi nimeusikia miaka mingi baadaye, na ni wa Kameruni hapa hapa Afrika! Hiyo ndiyo nafasi yako. Andika Kiswahili, andika ile maneti.

Jambo lingine: mlifukuzwa wanne. Novemba 2023 mhariri mkuu wa The Escapist, tovuti ya michezo ya video, alifukuzwa, wenzake wa upande wa video wakaacha kazi pamoja naye, wakaanzisha kundi lao wenyewe, Second Wind, wakisaidiwa pesa na watazamaji wenyewe. Umewapigia wenzako?

Mwenye uzi
Aksanti sana, na wewe mama pia. Sikuwa nimewapigia, nilikuwa na haya. Jana nimewapata wawili. Mmoja ana kompyuta na umeme wa jua, amesema nije kwake Jumanne na Alhamisi. Bibi yangu amezikubali siku hizo. Makala nimeokoa 43, nyingine hazifunguki tena. Kesho narudi Kenya kumuuliza mwenye chumba ule mpira wa baiskeli aliutoa wapi.