Wauguzi na wananchi darasa moja: nifundishe vipi kukandamiza kifua?

Mkufunzi_mpya: Wakuu, naandaa mafunzo ya siku moja ya kumhudumia mtu aliyesimama moyo. Wauguzi 12, wananchi 18, masanamu ya mazoezi 4. Niwachanganye au niwatenganishe?

Kidari: Kutambua moyo uliosimama wafundishe pamoja, mazoezi ya mikono watenganishe. Mwananchi mfundishe kukandamiza tu: kiganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, kina sm 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kosa kubwa si kubonyeza kidogo tu, bali pia kukiegemea kifua baada ya kubonyeza. Kisipoinuka chote, moyo haujai damu, na unachosukuma kinakuwa haba. Wauguzi ongeza mfuko wa kupumulisha, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kila pumzi sekunde moja. Waachishe kukamua mfuko wote. Kifua kikianza kuinuka, basi. Hewa ya ziada huingia tumboni, mgonjwa akatapika na matapishi yakashuka mapafuni.

ZamuYaUsiku: Nakubali, ila hiyo ya kukandamiza tu ina mipaka. Mtoto au aliyezama maji amekosa hewa kwanza, kwa hiyo pumzi anazihitaji. Halafu tenga muda wa kutosha kwa zile pumzi za kukata roho. Mtu anatweta mara moja moja, taya linacheza, wanaomzunguka wanasema "bado anapumua" na hakuna anayemgusa. Waonyeshe video. Haitiki na hapumui kawaida: piga simu ya dharura, anza. Ukaguzi usizidi sekunde 10, na mwananchi asihangaike kutafuta mapigo. Hata wauguzi hukosea hapo.

Mkufunzi_mpya: Asanteni. Na masanamu 4 yatatosha?

Kidari: Yanatosha. Wananchi asubuhi, 4 au 5 kwa kila sanamu. Wauguzi mchana, 3. Zamu dakika 2, kwa sababu baada ya hapo kina hupungua na mwenyewe hajui. Anayefuata apige magoti upande wa pili kabla zamu haijaisha, wapokezane bila kukatiza zaidi ya sekunde chache. Fanyeni sakafuni. Juu ya godoro sehemu ya unachobonyeza ni sponji.

ZamuYaUsiku: Panga na marudio kabisa. Ujuzi huu huanza kufifia ndani ya miezi michache, cheti au hakuna cheti. Dakika 10 juu ya sanamu kila baada ya miezi 3 zina faida kuliko siku nzima mara moja kwa miaka 2.