Vipimo vya damu kwa mgonjwa aliyepata nimonia kwenye mashine ya kupumulia

Muuguzi, Temeke:
Ndugu wanajukwaa, mgonjwa anapopata nimonia baada ya saa 48 au zaidi tangu awekewe mashine ya kupumulia, je, vipimo vya damu vinaweza kutuonyesha mapema iwapo atapona?

Daktari, Upanga:
Kipimo kimoja hakitoshi, dada yangu. Chenye maana ni mwelekeo: prokalsitonini, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na maambukizi ya bakteria, ambayo hupungua kwa nusu katika takriban saa 24 maambukizi yakidhibitiwa, ikiendelea kushuka ni dalili njema, ilhali ikibaki juu siku ya tatu au ya nne, tujiulize kama dawa inafaa au kuna usaha uliojificha mahali. CRP, protini nyingine ya damu inayopanda mwili ukipambana na maambukizi au jeraha, nayo husaidia, ingawa hupandishwa na mambo mengi mno.

Mtaalamu wa maabara, Kinondoni:
Figo zikishindwa, au baada ya upasuaji mkubwa, prokalsitonini huweza kuwa juu bila nimonia.

Muuguzi, Temeke:
Basi itumike kuamua kuanza antibayotiki?

Daktari, Upanga:
Hapana. Mwongozo wa Marekani wa 2016 unashauri dawa zianzishwe kwa vigezo vya kitabibu pekee. Prokalsitonini, pamoja na hali ya mgonjwa, husaidia kuamua kuzisitisha. Kwa bajeti zetu, ningeitunzia kazi hiyo.