Tupeane uzoefu: mazoezi wakati wa ujauzito na afya ya kichanga

Habari za humu wapendwa. Nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza, na kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kukimbia jioni. Sasa nyumbani nimekuwa yai, mama mkwe hataki hata niiname kuokota kijiko, wakati huo huo shangazi anapiga simu kusema ukikaa kaa mtoto ananenepa tumboni utashindwa kumsukuma. Kliniki nesi alipima presha na wingi wa damu, akasikiliza mapigo ya mtoto, akanipa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kukinga malaria, foleni ilikuwa ndefu nikaona aibu kuuliza mambo ya mazoezi. Mliopitia nisaidieni, ulifanya nini, mpaka mwezi wa ngapi, na mtoto alitoka vipi?

Mama Wawili
Hongera mamii. Mimba yangu ya kwanza nililala kwelikweli, kazi yangu ilikuwa kula chips na kuangalia tamthilia, sukari ikapanda, mtoto akaja na kilo 4.3 kwa opareshen. Kilichoniumiza sio mshono, ni kwamba alipozaliwa sukari yake yeye ikashuka, akapelekwa wodi ya vichanga, kila baada ya muda anachomwa kisigino wanapima tone la damu, mi nakamua maziwa anyweshwe kwa kikombe, kale kakisigino kalijaa vidoti. Ya pili daktari akaniambia mapema nitembee kila baada ya kula. Basi jioni natoka na mzee mpaka kituo cha daladala tunarudi mdogo mdogo. Huyu alikuja na kilo 3.2, kanyonya ndani ya lisaa la kwanza. Sisemi ni kutembea peke yake jmn, ugali pia niliupunguza na soda nikaacha kabisa.

Kisutu girl
Mi naomba tutofautishe mazoezi na kazi. Nilikuwa mama ntilie, nasimama toka alfajiri, ndoo ya lita 20 kichwani, nageuza sufuria la ubwabwa kwa nguvu zote, na watu wananisifia eti wewe utajifungua kama unapiga chafya. Mtoto alikuja kabla ya mwezi wake, kilo 2.1. Daktari hakusema ni ndoo moja kwa moja, alisema zinaweza kuwa sababu nyingi, ila alinieleza kunyanyua vitu vizito na kusimama kutwa nzima bila kupumzika sio zoezi, ni kuuchosha mwili. Nilimfunga kifuani ngozi kwa ngozi usiku na mchana, nalala nimeegemea mito, mpaka akaanza kuongezeka. Sa hivi anapanda madirisha.

NakuruMum
Mimi niko upande wa Kenya. Nilikuwa nataka sana kufanya mazoezi lakini scan ikaonyesha kondo la nyuma limekaa chini, limefunika njia, nikaanza kutokwa damu. Nikaambiwa hakuna mazoezi, hakuna kubeba kitu, hata mambo ya chumbani hapana. Nilikuwa naona watu wanachuchumaa na kuinuka huko mitandaoni na tumbo kubwa naskia wivu. Kwa hivyo kabla uige mtu, ulizia hali yako wewe kwanza.

Baba J
Naruhusiwa? Nilikuwa namsindikiza wife kutembea kila jioni. Yeye hakuongezeka sana, mimi niliongezeka maana kila tukifika kona ananunua mahindi ya kuchoma mawili halafu anamaliza moja.

Mkunga mstaafu
Mleta mada, kama huna tatizo la kiafya Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, unaweza kuzigawa, nusu saa siku tano inatosha. Kipimo chepesi, uweze kuongea ila kuimba ushindwe, ukishindwa hata kuongea punguza. Kuanzia miezi ya katikati usifanye zoezi la kulala chali, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, utasikia kizunguzungu. Ukiona damu, maji yanavuja, kifua kinauma, au mguu mmoja umevimba na kuuma, acha na uende hospitali siku hiyo hiyo. Shangazi yako ana hoja kidogo, kutembea kunasaidia sukari isipande, na sukari ndiyo inayonenepesha watoto wengi. Na mtoto akishatoka msikimbilie kumwogesha, subirini saa 24, kitovu kisipakwe majivu wala mafuta, na akigoma kunyonya, akichemka au akiwa wa njano mpaka viganjani msisubiri kesho.

Teacher wa Moro
Mi nipinge kidogo. Nilitembea, niliogelea, nilipanda ngazi za shule mpaka wiki ya mwisho, na bado nikapasuliwa, njia ilikwama haifunguki na mapigo ya mtoto yakaanza kushuka. Wifi akasema "na mazoezi yako yote hayo". Mtoto mzima, alilia hapo hapo, na mimi niliamka kitandani mapema kuliko wenzangu wodini, basi faida yangu nimeiona huko. Msiwatishe watu kwamba aliyepasuliwa alikuwa mvivu.

Mleta mada
Asanteni sana, nimeanza leo kutembea taratibu, mama mkwe anachungulia dirishani. Mkunga, na yale mazoezi ya kubana huku chini yanafanywaje?

Mkunga mstaafu
Bana kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu mpaka tano huku unapumua kawaida, achia, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kufanya hata umekaa kwenye daladala, hakuna atakayejua. Ila usifanye wakati unakojoa kweli, mkojo ukibaki kibofuni unaweza kukuletea UTI.