MJADALA: Mkoloni aligharamia jarida la wadudu mwaka 1910. Sisi tunakwama wapi?

Mchambuzi wa Muheza
Wadau, habari za jioni. Naleta hoja, naomba tuijadili bila matusi.

Mwaka 1909 Wizara ya Makoloni ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza wadudu wa Afrika ya kitropiki, mwenyekiti Lord Cromer, yule aliyeitawala Misri. Mwaka uliofuata tu, 1910, wakatoa jarida, Bulletin of Entomological Research. Mwaka 1913 wakafungua ofisi ya kudumu ya wadudu London na kuanzisha jarida la pili, la kufupisha kila kinachoandikwa duniani kuhusu wadudu waharibifu na waambukizao magonjwa. Lile la kwanza liko hai mpaka leo. Kilichowasukuma ni malale, ugonjwa unaoenezwa na inzi anayenyonya damu aitwaye mbung'o: pwani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda ilikuwa imepoteza watu wanaokadiriwa laki mbili au zaidi.

Sasa niambieni, kwa nini serikali zetu hazitengi fungu la jarida la wadudu kwa Kiswahili, ambalo bwana shamba wa Korogwe atalisoma na kulielewa? Mkoloni alimchukulia mdudu kwa uzito kuliko sisi. Babu zetu walikuwa wanahama tu na kumwachia mbung'o nchi.

Ngosha wa Maswa
Nilikuwa nakubaliana na wewe mpaka nilipofika mstari wa mwisho. "Wanahama tu"? Nani kakuambia?

Usukuma ulikuwa umefyekwa na kufugwa kabla Mjerumani hajaweka mguu. Sotoka, ule ugonjwa wa mifugo wa miaka ya 1890, ndiyo iliyomaliza ng'ombe. Ng'ombe wakiisha hakuna wa kula majani, pori linarudi, na mbung'o anarudi na pori lake. Halafu anakuja Swynnerton, mtafiti Mwingereza wa mbung'o, Shinyanga miaka ya 1920, wanaitwa watu kwa maelfu na mashoka yao wafyeke, naye mwaka 1925 anaandika makala kwenye jarida hilohilo unalolisifia. Nani alifyeka pale, Cromer?

Mwalimu wa Kibaha
Ngosha, punguza jazba, mwenzako kauliza habari ya bajeti. Ukweli ni kwamba wale watu waliwekeza. Chukulia Amani kule Usambara, Mwingereza alijenga kituo cha utafiti ambacho Afrika nzima ilikuwa inakitamani.

Binti Sambaa
Mwalimu, samahani, Amani ilijengwa na Mjerumani, mwaka 1902. Mwingereza aliikuta. Koch mwenyewe, yule daktari mtafiti maarufu wa Ujerumani, alifika. Na walikuwa na jarida lao kuanzia 1905, Der Pflanzer, maana yake mwenye shamba. Jina tu linakuonyesha lilikuwa la nani: la walowezi wa mkonge, kahawa na mpira.

Kinachoniuma mimi ni hiki. Miaka hiyohiyo, Tanga hapo chini, shule ya serikali ilikuwa inachapisha gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Kwa hiyo mtambo ulikuwepo, wasomaji walikuwepo, na lugha ilikuwepo. Habari za mdudu anayekula shamba la Msambaa zikaandikwa Kijerumani. Msiseme ilishindikana, waliamua.

Mwalimu wa Kibaha
Nimekubali kuhusu Amani, dada, nilichanganya. Lakini jarida la sayansi huandikwa kwa lugha ya wanasayansi. Mwaka 1905 Msambaa yupi angesoma habari za vidukari?

Binti Sambaa
Aliyekuwa anasoma Kiongozi.

Mzee wa Entebbe
Salaam kutoka Uganda. Mimi narudi kwa Ngosha. Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alipofika Entebbe mwaka 1903, ile ramani iliyoonyesha kwamba malale iko pale palipo na mdudu hakuichora kwa kutembea peke yake. Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, aliagiza machifu, nao wakakusanya wadudu kila upande na kuwapeleka. Waganda walikuwa na jina lake, kivu, kabla ya yeye kufika. Kabla ya hapo, kule Zululand, Afrika Kusini, Bruce aliwakuta Wazulu wakisema nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, inatokana na wanyama pori, na akaja kuthibitisha kwamba vimelea vimo ndani ya wanyama hao. Mjuzi wa kwanza hakuwa Bruce.

Halafu mnaposifu, wakumbukeni wa visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Victoria. Koch alikuja 1906 akawachoma sindano za atoxyl, dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Gavana Bell wa Uganda naye akahamisha watu wa pwani nzima. Mchambuzi anasema babu zetu walihama tu. Sisi tulihamishwa, bwana.

Msafiri wa Urambo
Naomba kuuliza, mbona wote mnasema mbung'o? Huku kwetu ni ndorobo. Mbung'o ni neno la vitabuni.

Mchambuzi wa Muheza
Mbung'o ni Kiswahili sanifu, mkuu.

Msafiri wa Urambo
Sanifu kwa nani? Wafugaji na warina asali wote wa Tabora wanasema ndorobo. Ukitoa jarida lako ukaandika mbung'o, warina asali wangu watadhani ni mdudu mwingine. Unalia kwamba Mjerumani hakuandika kwa lugha ya watu, na wewe unaanza kwa kutufutia neno letu.

Mwalimu wa Kibaha
Jamani, andikeni yote mawili tuendelee.

Msafiri wa Urambo
Hapana Mwalimu, hili si dogo. Jina ndilo linaloonyesha nani anamjua mdudu.

Ngosha wa Maswa
Msafiri kasema kweli. Na mkitaka majina, ndorobo wa kwetu kwenye vitabu anaitwa Glossina swynnertoni. Alipewa jina hilo mwaka 1923, la mzungu aliyewakuta watu wakiumwa naye siku zote. Watu wa shoka hawana hata mdudu mmoja.

Mchambuzi wa Muheza
Ngosha, Swynnerton alikufa kazini, ndege ilianguka mwaka 1938 hapahapa Tanganyika. Tumpe haki yake. Na mwaka 1944 Vanderplank, mtafiti wa Shinyanga, aliandika kwamba ukipandanisha aina mbili tofauti za mbung'o, watoto wanakuwa tasa, na hiyo inaweza kuwa silaha. Miaka ya 1990 mbung'o wa Unguja alimalizwa kwa madume tasa waliofugwa Tanga, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa safi. Leo ng'ombe wa Unguja hawasumbuliwi naye tena. Nasema wazo zuri lilitokea kwa sababu kulikuwa na mshahara, maabara na jarida. Ndiyo hoja yangu, na bado sijajibiwa.

Ngosha wa Maswa
Umesahau kuandika kilichotokea kati ya hapo. Pori lilifyekwa kwa ajili ya mbung'o, likafyekwa tena kwa pamba, Shinyanga ikabaki tupu mpaka mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha miti. Na miti imerudi kwa nini? Kwa ngitili, maeneo ya malisho ambayo wazee wa Kisukuma walikuwa wanayatenga tangu zamani. Hayo ndiyo maarifa ya hao "wanaohama tu".

Mzee wa Entebbe
Na fedha, Mchambuzi? Ofisi ile ya London ilichangiwa na makoloni yenyewe. Kodi ya nyumba ya babu yako imo humo ndani. Usiseme aligharamia mkoloni, tuligharamia sisi.

Mchambuzi wa Muheza
Hilo la michango nalikubali, na linanipa nguvu. Kama tulilipa wakati ule bila kuulizwa, leo kwa hiari tunashindwaje? Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, alianzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, Nairobi mwaka 1970, na kufika 1980 ilikuwa na jarida lake. Imewezekana. Lakini ni kwa Kiingereza, na ndiyo maana nasema Kiswahili.

Binti Sambaa
Mimi niseme langu, halafu nikalale. Babu yangu mzaa mama alikuwa mkamata mbung'o kwenye kituo kimoja cha serikali, kabla ya uhuru. Kazi yao ilikuwa kutembea njia ileile kila siku, wawili wamebeba kitambaa cheusi kwenye miti, wengine na nyavu, wanasimama, wanakamata waliotua, wanahesabu. Alikuwa anatofautisha dume na jike kwa kutupia jicho tu. Hesabu zake ziliingia kwenye majedwali ya mtu. Mwaka jana nilitafuta makala za kituo kile mtandaoni, nikaikuta moja, nikaambiwa nilipe kwanza kwa dola. Jedwali la miguu ya babu yangu.

Mchambuzi, jarida lako nalitaka. Ila ukilianzisha, ukurasa wa kwanza usimweke Cromer.

Mchambuzi wa Muheza
Dada, nimekusoma mara mbili. Ule mstari wangu wa babu zetu naufuta. Ngosha, ulikuwa na haki ya kukasirika.

Ngosha wa Maswa
Nimeona. Haya, sasa tuzungumze bajeti.

Msafiri wa Urambo
Na ndorobo?