Naomba ushauri: turudi kwa ufukweni, chini ya genge, au kwa njia ile ile ya juu?

Mtembezi:
Ndugu zangu, habari zenu. Jumamosi ijayo, siku moja baada ya mwezi mpevu, ninakusudia kutembea na baba yangu, mwenye umri wa miaka 68, kwenye njia inayofuata ukingo wa genge la bahari hadi kijiji cha wavuvi, mwendo wa kilomita 7 hivi. Huko juu mandhari ni ya kupendeza mno, ila miinuko ni mingi na magoti ya mzee yameanza kulalamika. Ndiyo maana nimefikiria tuende kwa juu asubuhi, kisha turudi alasiri kwa ufukweni, ambako ni tambarare. Je, mpango huu una walakini?

Bamvua:
Upo, tena mkubwa. Siku uliyoichagua ni ya bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na ushei tu, na maji hupanda kwa kasi zaidi katikati ya kipindi hicho, hivyo anayeanza safari kwenye mchanga mpana huweza kufika kwenye rasi akakuta bahari imekwisha kugusa mwamba mbele na nyuma yake. Yalinikuta. Nilisimama juu ya jabali lenye upana wa meza, viatu mkononi, nikiutazama mstari wa mwani uliokauka ukutani, usawa wa magoti yangu. Ndipo maji yalipokuwa yakiishia.

Nyayo:
Hata huko juu msijiamini. Mawimbi hulila genge kwa chini, kwa hiyo ukingo wenye nyasi nzuri huenda hauna kitu chini yake. Mkiona ufa unaofuata ukingo, hasa baada ya mvua, sogeeni mbali, na mzee atembee upande wa bara.

Mtembezi:
Basi ufukwe nimeufuta. Lakini kurudi kwa juu hataweza.

Bamvua:
Nendeni upande mmoja tu, na mpange gari liwachukue kijijini.

Mtembezi:
Nimekubali. Baba anauliza kama atawahi kuona mashua zikirudi.

Bamvua:
Waulizeni wavuvi wenyewe. Bandari ikiwa na kina kifupi, huingia maji yakijaa.